Kabla ya gunia la kwanza: mwongozo kwa Mkristo mwenye shughuli nyingi

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo. Nanunua kwa wakulima wa milima ya Uporoto, nashusha Mbeya mjini, na msimu ukiwa mzuri napakia lori la Dar es Salaam. Kazi hii haina saa. Dalali anapiga simu saa tisa usiku kusema lori limefika na bei imeanguka. Vibarua wanataka chao kabla jua halijachomoza. Mkulima naye anataka kujua kama kesho unakuja au auzie mwingine.

Nimeandika mwongozo huu kwa mtu mwenye maisha kama hayo. Anampenda Mungu, Jumapili yupo kanisani, ahadi yake analipa, lakini akijihoji kwa ukweli anaona Mungu amekuwa akipata makombo: dakika mbili za kuombea chakula, sura moja ya Biblia aliyoisoma akisinzia, na noti iliyobaki baada ya kila mwenye kudai kuchukua chake. Nimeishi hivyo miaka mingi, na nilikuwa mzee wa kanisa.

Bwana Yesu alisema, "Bali utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake; na hayo yote mtazidishiwa" (Mathayo 6:33). Neno lililonishika humo ni *kwanza*. Chakula, mavazi na ada za watoto havikukatazwa. Baba anajua kwamba tunavihitaji, na mstari wa 32 unasema hivyo wazi. Kilichopangwa upya ni foleni: nani anahudumiwa akiwa wa kwanza. Na foleni ni jambo la kila siku, linaonekana kwa macho, kwa hiyo linaweza kupangwa hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: ijue wiki yako ilivyo

Usianze na ahadi kubwa. Chukua daftari, na kwa siku saba andika kila jioni saa zako zilikwenda wapi. Andika kwa kifupi tu: sokoni saa kumi, simu saa mbili, kikao cha harusi saa tatu, maombi dakika tano. Kisha toa taarifa ya miamala ya simu yako ya mwezi mmoja, kaa nayo na kalamu nyekundu, uweke alama kwenye kila pesa iliyotoka.

Mwezi nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilikuta nimechangia harusi mbili, sendofu moja na kipaimara kimoja, na vifurushi vya intaneti karibu kila siku. Sadaka zangu zote za mwezi ule hazikufika mchango wa ile sendofu. Sikuwa nimeamua iwe hivyo. Ilikuwa hivyo kwa sababu mwenye sendofu alinikumbusha mara sita, na Mungu hatumi ujumbe wa kukumbushia mchango.

Daftari hilo mwonyeshe Mungu kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Lisome mbele zake kwa sauti, mstari kwa mstari. Maombi yangu ya siku ile yalikuwa hayo tu, na nilimaliza nikilia.

Hatua ya pili: toa saa yako kabla simu haijaichukua

Soma Marko sura ya kwanza, kuanzia mstari wa 32. Jioni ile mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni, wagonjwa wa kila namna. Kesho yake, alfajiri na mapema sana, Yesu akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Simoni na wenzake wakamfuata, na walipomwona wakamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Maneno hayo ndiyo simu yangu inaniambia kila asubuhi. Yesu hakudanganya kwamba hatafutwi. Alikuwa ameshaomba, basi akajua aende wapi, na hakurudi kule walikotaka.

Sisi wa Kanisa la Moravian tuna historia yetu katika hili, na nasikitika kwamba vijana wetu wengi hawaijui. Herrnhut, Ujerumani, kilikuwa kijiji cha wakimbizi, wengi wao mafundi waliokula kwa mikono yao. Mwezi Agosti 1727 wanaume 24 na wanawake 24 waliagana kugawana saa za usiku na mchana, kila mmoja aombe saa moja yake. Mnyororo ule wa maombi ulidumu zaidi ya miaka 100. Mwaka 1728 wakaanza kupeana neno moja la Biblia la kwenda nalo siku nzima, na tangu 1731 maneno hayo huchapishwa kila mwaka mpaka leo. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika desturi hiyo. Basi ninaposema mtu wa kazi anaweza kuwa na saa ya maombi, nasema jambo ambalo watu wa kazi wameshalifanya.

Kwako wewe usianze na saa nzima. Anza na dakika 25, na uzilinde hivi:

Simu ilale jikoni au sebuleni. Nunua saa ya mezani yenye kengele, zinauzwa bei nafuu, maana ukiamka kwa kengele ya simu utakuwa umeshaona ujumbe wa watu watano kabla hujasema "Baba yetu". Biblia, daftari na miwani viwe mezani tangu usiku. Kama nyumba ni chumba kimoja na watoto wamelala, kaa nje mlangoni na kanga yako au koti. Nimewahi kufanya ibada yangu mwaka mzima ndani ya stoo, juu ya magunia matupu, na ulikuwa mwaka mzuri.

Dakika tano za mwanzo soma zaburi moja, kwa sauti ya chini lakini kwa mdomo, si kwa macho tu. Dakika kumi soma fungu fupi la Injili, mistari kumi na tano inatosha, kisha lirudie. Jiulize Bwana anasema nini, halafu uandike sentensi moja. Dakika kumi omba: anza na kushukuru, kisha kutubu kwa kutaja jambo lenyewe, kisha waombee watu kwa majina. Haja zako ziweke mwisho. Ukianza nazo, dakika kumi zitaisha ungali kwenye deni la duka.

Mawazo ya kazi yatakuja, yatakuja tu. Weka kikaratasi pembeni. Likija la "sijampigia dereva", liandike, uendelee. Baada ya amina kikaratasi hicho ndicho orodha yako ya kazi ya siku. Jambo hili dogo lilinisaidia kuliko mahubiri mengi niliyosikia juu ya kukaza akili.

Neno ulilopata liandike pia kwenye kipande cha karatasi, ulitie mfukoni. Mimi huliweka pamoja na risiti, ili kila ninapotoa pesa nikutane nalo.

Hatua ya tatu: pesa ya Mungu itoke wakati mfuko bado umejaa

Makanisa yanatofautiana juu ya fungu la kumi, kama ni sheria kwa Mkristo au ni kipimo cha hiari, na sitamaliza ubishi huo hapa. Ninachoshauri ni mpangilio. Siku unapopokea mshahara, au unapofunga mauzo ya wiki, toa kwanza sehemu uliyoiazimia moyoni, uitie kwenye bahasha, uandike juu yake. Kisha ndiyo kodi, ada, mtaji na chakula. Mwenye kipato cha siku, kama dereva wa bodaboda au mama lishe, aweke kikopo chenye kifuniko, na kila jioni adondoshe kiasi kile kile, hata kiwe kidogo.

Naomba tuelewane jambo moja. Usitoe ada ya mtoto wala pesa ya dawa kwa sababu mhubiri amesema mbegu yako itarudi mara mia. Mungu si mchezo wa kubahatisha, na mjane anayetoa kwa hofu ya laana anaibiwa. Toa kwa sababu ni mali yake na wewe ni msimamizi tu. Nabii Hagai aliwaona watu waliotanguliza nyumba zao wakaacha nyumba ya Bwana magofu, akasema apataye mshahara anautia katika mfuko uliotobokatoboka. Nimeushika mfuko huo mkononi. Pesa nyingi zilipita kwangu na sikujua zilipotelea wapi.

Sehemu ya sadaka yako iwe ya siri. Chagua nyumba moja yenye shida, umpelekee mchele au sabuni mtu asiyeweza kukutangaza. Sadaka isiyotajwa kwenye matangazo ya kanisa husafisha moyo kwa namna yake.

Hatua ya nne: lete ibada yako kwenye mizani

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoachana na Mungu tukiwa bado tunaimba.

Katika biashara ya viazi kuna kitu kinaitwa lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linashonewa nyavu juu na kujazwa tena, likasimama kama mtu aliyevaa kilemba kikubwa. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Anayenunua anaondoka na gunia na zaidi. Sheria ya vipimo inakataza, kila mtu anajua, na bado ukipita barabara za milimani utayaona yamepangwa kando ya barabara yakisubiri lori.

Nilinunua lumbesa miaka tisa. Nilikuwa na sababu zangu: bila lumbesa mwenzangu atanishinda bei sokoni, mkulima mwenyewe amekubali, na nikiacha mimi hakuna kitakachobadilika. Asubuhi moja neno langu la siku lilikuwa Mithali 11:1, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Nikalikunja, nikalitia mfukoni na risiti, nikapanda mlimani.

Mama niliyemnunulia siku ile alikuwa amefunga mtoto mgongoni. Kijana wangu alikuwa ameshaanza kushona nyavu, sindano ile ndefu ya magunia inapita na kutoka, na mama akawa anaokota viazi vilivyodondoka chini, anaviweka mwenyewe juu ya rundo, kimoja kimoja, ili nisilalamike kwamba gunia halijajaa. Aliposogea nikaona mikono yake ina nyufa zenye udongo ndani. Nikaingiza mkono mfukoni kutoa pesa, nikakutana na karatasi.

Nikamwambia kijana akate nyavu. Yule mama akaogopa. Akasema, "Dada, kwani vimekuwa vibaya? Nitakuongezea." Nikamwambia, "Hapana mama, ni vizuri. Tunapima kwa mizani leo." Alidhani namtania.

Msimu ule faida yangu ilishuka, sitakuficha. Wafanyabiashara wenzangu wawili waliacha kushirikiana nami lori. Msimu wa pili wakulima walianza kuniwekea viazi, wakanipigia simu wao kabla ya kuwaita wengine, na mzigo wangu ukawa haukosi. Lakini ungekosa je? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi, kwa sababu yapo mambo mengine niliyoacha kwa ajili ya dhamiri na hayakulipa chochote mpaka leo. Jibu ninalolipata ni kwamba ile karatasi mfukoni haikuwa na masharti ya faida.

Sasa fanya hivi kwa kazi yako. Andika jambo moja, moja tu, ambalo usingependa Yesu akukute ukilifanya kazini. Fundi cherehani labda ni vitambaa vya wateja vinavyobaki. Karani ni "hela ya chai". Mwalimu ni kipindi anachosaini bila kufundisha. Mwenye duka ni sukari iliyopungua gramu. Liache hilo moja ndani ya mwezi huu, kisha tafuta uliyemkosea na umrudishie. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuenea mpaka Uganda, Tanganyika na Kenya, ulijulikana kwa jambo hilo: watu waliotubu walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyoyakana. Wazee wa siku zile waliita jambo hilo kutembea nuruni. Kama huwezi kulipa kwa mkupuo, lipa kwa awamu, lakini taja kiasi na tarehe.

Na wewe usiye na kazi ya uhakika, usisikie kwamba kutanguliza ya rohoni ni kukaa kwenye mikesha huku nyumba haina chumvi. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile. Kazi yenyewe ni sehemu ya utii.

Hatua ya tano: jifunze kukataa, hata mambo ya kanisa

Michango na vikao vinakula wiki za watu wema. Panga mwanzoni mwa mwezi kiasi cha michango ya sherehe na idadi ya vikao utakavyohudhuria. Kikifika kikomo, kimefika. Ujumbe wa kukataa uwe mfupi na wa heshima. Mimi huandika: "Shikamoo kaka. Hongereni kwa maandalizi. Mwezi huu sitaweza kuchangia, bajeti yangu imeishia kwenye mambo ya nyumbani na ya kanisa. Nawaombea shughuli njema, na siku yenyewe nitafika kusaidia jikoni." Usieleze zaidi ya hapo, ukieleza sana utaombwa nusu.

Msiba ni tofauti. Kwenye msiba nenda, hata kama bajeti imeisha. Kukaa na wafiwa hakuhitaji bahasha.

Sasa jambo gumu. Shughuli za kanisa nazo zinaweza kuwa mambo ya dunia. Sare za kwaya, kamati ya ujenzi, mnada wa mazao baada ya ibada, maandalizi ya mgeni wa heshima: nimekuwa kwenye vikao vya kanisa vya saa nne ambavyo maombi yake yalikuwa dakika moja ya kufungua na moja ya kufunga. Martha alikuwa akimhudumia Yesu mwenyewe, na bado aliambiwa, "Unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Ukiwa na vyeo vitatu kanisani, nenda kwa mchungaji wako umwombe akupunguzie kimoja. Mwambie, "Baba mchungaji, nataka kurudi kukaa chini na kusikiliza." Wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema hata yeye anatamani.

Jumapili, usiku, na nyumbani

Jumapili funga duka. Najua maduka ya jirani yatafunguliwa. Kama kweli huwezi, kwa mfano wewe ni muuguzi au mlinzi wa zamu, chagua nusu siku nyingine ndani ya wiki na uilinde vivyo hivyo. Pika Jumamosi jioni, na nguo za watoto zipigwe pasi Jumamosi, ili asubuhi ya Bwana isiwe ya kugombana. Baada ya ibada mtembelee mgonjwa au lala usingizi. Zaburi ya 127 inasema "humpa mpenzi wake usingizi", na mimi nimeamua kuipokea zawadi hiyo bila haya.

Usiku ndio wakati wa wasiwasi. Ukiamka saa nane ukihesabu madeni, usishike simu. Taja deni moja kwa jina, mkabidhi Mungu, kisha sema neno lako la siku mara kadhaa mpaka usingizi urudi. Usiporudi, inuka umwombee mtu mwenye hali mbaya kuliko yako.

Nyumbani ibada ya jioni iwe fupi: wimbo mmoja, mistari michache, kila mtoto aombe sentensi moja. Dakika kumi za kila siku zinazaa kuliko saa moja ya kulazimishana. Kama mwenzi wako hashiriki, usimhubirie kwa kuombea mambo yake kwa sauti. Mwandalie chakula kama kawaida, msikilize, umwache aone.

Ukianguka

Utaanguka. Msimu wa mavuno ukifika mimi mwenyewe hupoteza wiki mbili, wakati mwingine tatu, naamka na kukimbilia lori. Shetani hupenda kusema umeharibu yote, ngoja mwaka mpya. Usisubiri mwaka mpya wala Jumatatu.

Siku ya kurudi usijaribu kufidia. Usisome sura zote ulizoruka, usifunge siku tatu kwa hasira. Rudisha simu jikoni usiku huo huo. Tega saa. Asubuhi fungua zaburi ya siku hiyo, uisome kwa mdomo, umwambie Bwana ulikuwa wapi.